Nyumba ya Ayeeyo Niliyoiahidi Shule

Isiolo, 10 Juni 2024

Hoda amechaguliwa, abaayo, dada yangu. Kati ya watoto thelathini na wanne wa gredi ya saba, Mwalimu Gaceri amemnyooshea kidole binti yangu, akasema nyumba ya Ayeeyo, bibi yetu, ndiyo itasimama katikati ya uwanja siku ya wazazi, na Hoda ndiye atakayeieleza. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na mtungi wangu wa maziwa. Nilisema ndiyo kabla hata sijaulizwa.

Sasa wacha nikusalimie kama mtu aliyelelewa. Asalaam aleikum, dada yangu Barwaqo. Mbuzi wako wanaendeleaje huko Korbesa, na mwanao Abshir na ngamia wake? Sisi ni wazima. Baba Hoda analalamika goti, lakini likifika wakati wa kula halimsumbui. Maziwa ya ngamia yanauzika, na wateja wa Eastleigh kule Nairobi wananiita Mama Isiolo, ati yangu hayachachi njiani. Simu yako nimepiga hadi nikachoka. Ndiyo maana nampa barua hii Ridwan, dereva wa lori ya mbuzi, yule mzee wa ndevu nyekundu za hina. Ridwan hajawahi kupoteza barua.

Nikueleze vizuri. Huyu Gaceri ni Mmeru kutoka huko juu, na hafundishi historia kwa ubao. Anasema mtoto ashike. Watoto wamepima makaburi ya askari wa zamani kwa kamba na kuyachora yote. Wamesaga wimbi kwa jiwe nyumbani kwa kina Kaari. Lomuria, bawabu wa shule, amewafundisha kuchonga kile kigoda cha Waturkana cha kuwekea kichwa, na mmoja amejikata kidole, lakini kigoda anacho. Ikafika zamu yetu sisi Wasomali wa hapa, wajukuu wa askari. Mwingine angeleta picha ya babu na kofia. Mimi nikawaambia, babu yetu alikuja Isiolo na bunduki ya Mzungu, na bunduki ikarudishwa. Ayeeyo alikuja na nyumba yake juu ya ngamia, na nyumba tunayo mpaka leo.

Nimewaambia iko kwako. Miti yote iliyopindwa, mikeka yote, imefungwa kwa kamba inalala tu. Nitumie na Ridwan kabla Julai haijaisha. Siku ya wazazi ni Ijumaa, tarehe 27 Septemba, na nimeshatoa neno langu.

Mdogo wako,
Safiyo


Korbesa, 29 Juni 2024

Safiyo, waaleikum salaam. Lori ilivunjika springi pale Gotu, barua yako ikalala njiani siku nne, lakini imefika. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Abshir yuko mbali na ngamia, anafuata malisho, hajambo.

Nimefurahi kwa ajili ya Hoda. Barua nimeisoma mara tatu. Mwambie asimame wima na asiongee haraka kama wewe.

Simu yangu iliharibika. Usihangaike nayo, barua zinatosha.

Kuhusu miti, ina kazi. Haitaweza kuja. Nakutumia chombo cha maziwa cha Ayeeyo, kile cha kusukwa kwa mizizi, chenye kifuniko cha kikombe. Kinashikika, na mtoto anaweza kukibeba mwenyewe. Samahani kwa alama ya matope kiunoni. Nimejaribu, haitoki.

Msalimie baba Hoda na goti lake.

Barwaqo


Isiolo, 15 Julai 2024

Abaayo mpendwa, salaam nyingi kutoka kwetu sote. Goti limesalimiwa, limefurahi. Chombo kimefika na matope yake. Hoda amekisugua kwa majivu mpaka mkono ukamuuma, lakini ile alama haitoki kweli. Mwalimu Gaceri amekinusa ndani, akasema kinanuka moshi wa miaka mia. Nikamwambia ni zaidi.

Lakini miti ina kazi gani? Imeajiriwa na kaunti? Naona unanitania.

Wakati nakusubiri nimeanza mazoezi na watoto, maana mimi si mtu wa kukaa. Tulikata matawi ya mathenge kule Burat, tukayachimbia, tukayapinda. Nusu yakavunjika. Yaliyobaki tukayafunga kwa kamba ya katani, na mikeka nikaazima msikitini, ile iliyozeeka. Ikasimama. Imeinama kidogo upande mmoja, lakini ikasimama. Lomuria akaja na rungu lake, akaizunguka mara mbili, akaniuliza, "Mama Hoda, hii ni ya kuku ama ya watu? Nataka kujua nitalinda nini."

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikacheka pia, lakini si sana. Kisha Gaceri akasema historia lazima ijaribiwe, akawaingiza watoto sita ndani na kumwaga ndoo ya maji juu. Wote sita wakatoka wamelowa. Nikawaambia hilo ni jaribio la kwanza, na hakuna mtu aliyejenga kitu cha maana siku ya kwanza. Walinipigia makofi, usifikiri hawakunipigia.

Lakini unaona hali. Sisi tulizaliwa chini ya mabati. Wewe ndiye uliyeolewa kwa wafugaji ukajua kazi hii. Bila miti ya Ayeeyo, Hoda atasimama mbele ya wazazi wote akieleza nyumba ya kuku. Itume.

Safiyo wako


Korbesa, 8 Agosti 2024

Safiyo, kwanza salaam, halafu nikuambie ulichokosea, maana nimeshindwa kunyamaza.

Mikeka huanza chini. Wa chini kwanza, halafu wa juu yake unaulalia, hivyo hivyo mpaka kileleni, ndipo maji yanateleza. Wewe umeanza na paa kama fundi wa mabati. Na mathenge hapana. Unataka mzizi wa mgunga, mrefu, uchimbuliwe ukiwa mbichi, uchomwe kidogo kwenye majivu ya moto, upindwe na kufungwa hivyo hivyo mpaka ukauke. Miti ya Ayeeyo ilipindwa hivyo, ndiyo maana mpaka leo ukiifungua inakumbuka umbo lake. Mlango ukae mgongo kwa upepo. Huku kwetu upepo unageuka saa kumi alasiri. Juzi ulinisumbua upande wa mto, nikaongeza kamba ya pili na jiwe, ukatulia.

Wafundishe hayo. Hao sita waliolowa ndio watakaokumbuka.

Miti haiji. Usiniulize tena, mdogo wangu.

Barwaqo


Isiolo, 30 Agosti 2024

Barwaqo, salaam. Sisi ni wazima.

Umesema nisikuulize, basi sikuulizi. Namtuma Ridwan. Ana lori tupu, turubai na kamba, na amekubali kuja mpaka kwako badala ya kuishia sokoni Merti.

Nitasema jambo moja tu, na mimi nikisema moja unajua ni mengi. Nyumba ile ilikuwa ya Ayeeyo. Alipofariki nilisema uichukue wewe, kwa sababu mimi nilikuwa na nyumba ya mabati mjini na wewe ulijua thamani yake. Sikusema uifiche. Mwalimu mkuu, Bwana Kaberia, ametangaza gwarideni. Barua za mwaliko zimeandikwa na jina la Hoda liko juu. Wanawake wa soko la maziwa wote watakuja, na nimewaambia wavae vizuri. Wewe una miti inayokaa, na mimi nina mtoto anayesubiri. Mpe Ridwan.

Safiyo


Isiolo, 9 Septemba 2024

Abaayo,

Lori imerudi tupu. Nimemuuliza Ridwan kwa nini, akaangalia usukani wake kama ndio ulioulizwa. Nikamuuliza tena. Akaniambia, "Safiyo, mimi nilikaribishwa chai mle. Siwezi kufunga kamba nyumba niliyonywea chai ndani yake."

Akawasha gari akaenda zake.

Nimekaa na maneno hayo siku mbili. Nimetoa barua zako zote nikazisoma upya, ile ya matope, ile ya upepo na jiwe. Maziwa ya leo nimemwachia mwenzangu auze.

Chai ndani ya nini, Barwaqo?

Safiyo


Korbesa, 14 Septemba 2024

Safiyo, salaam. Mbuzi wote ni salama. Abshir ametuma ujumbe kuwa ni mzima.

Mto ulikuja tarehe 29 Aprili, asubuhi, mimi nikiwa juu na mbuzi. Ile nyumba ya matofali aliyoniachia marehemu mume wangu ilikaa chini taratibu, kama ngamia aliyechoka. Kabati lilikuwa ndani, na simu, na vitu vingine ambavyo sitaviorodhesha. Miti ya Ayeeyo nilikuwa nimeipandisha kwenye mgunga kwa sababu ya mchwa. Mikeka ilikuwa huko juu pia. Chombo cha maziwa nilikikuta kimekwama kwenye miba. Tulikuwa wanawake wanne, tukaisimamisha nyumba kabla jua halijazama. Ninakaa ndani tangu siku hiyo, na haijavuja.

Ulipopiga simu kwa jirani yangu Asho, uliuliza, "Mko salama?" Nikasema tuko salama. Ilikuwa kweli. Hukuuliza nalala wapi. Ungeuliza, sijui kama ningesema. Nakujua. Ungelia sokoni, wanawake wangechanga, na jina langu lingezunguka Isiolo nzima na bakuli. Halafu barua yako ikaja imejaa uwanja na wazazi, nikaona niseme tu kwamba miti ina kazi. Nayo ina kazi.

Sasa kwa sababu umeuliza, nikueleze yote. Hapa nilipoijenga ni chini tena. Siku ile hatukuwa na nguvu ya kuibeba mbali. Mvua yetu huanza mwisho wa Oktoba, na lazima nihamie juu kwenye changarawe, mwendo wa robo saa. Asho na wale wengine wamehamia Merti. Mtu mmoja anaweza kuibomoa, lakini hawezi kuibeba na kuisimamisha. Hilo siliombi. Nalieleza tu.

Mwambie Hoda samahani.

Barwaqo


Isiolo, 28 Septemba 2024

Dada yangu Barwaqo, salaam kutoka kwangu, kwa baba Hoda, kwa Hoda, na kwa Ridwan, ambaye sasa namheshimu hata kuliko zamani.

Wakati wa mafuriko nilipiga simu kwa Asho mara mbili. Nimehesabu. Mto wote ule ulipita, na mimi nilipiga mara mbili, nikaridhika, nikarudi kwenye mitungi yangu. Hilo nimekuandikia wewe peke yako, na sitalirudia, kwa sababu nikilirudia nitalia na umekataza.

Barua yako nilimsomea Hoda jikoni. Nilitaka aamue mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa asimame. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mama, tulikuwa tunaomba nyumba ya mtu tuiweke kwenye uwanja?" Nikasema ndiyo, tulikuwa tunaomba hivyo hivyo. Tukaenda pamoja kwa Mwalimu Gaceri. Safari hii nilikuwa nimejitayarisha kuaibika, nimevaa ile shuka yangu ya Idi ili niaibike nikiwa nimependeza. Gaceri hakunikemea. Alisema sisi wote tulikosea, tulifikiri kitu kikiwa cha zamani basi kimestaafu.

Jana ilikuwa siku yenyewe. Walijaa wazazi, miavuli ya jua, na wanawake wangu wa maziwa mstari wa mbele. Hapakuwa na nyumba. Watoto walikuwa wamepima kwa kamba, wakachora duara la majivu katikati ya uwanja, mlango ukiwa mgongo kwa upepo kama ulivyonieleza. Hoda akaingia ndani ya duara kwa kupitia mlangoni, akakaa chini, akaweka kile chombo mbele yake. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu bila kujua, mpaka jirani yangu akanishika mkono.

Akasema, "Nyumba yetu haikuja kwa sababu mama mkubwa anaishi ndani yake."

Abaayo, alisema kichwa kikiwa juu, kama anayesema unaishi ikulu. Halafu akaeleza mzizi wa mgunga, na majivu, na mikeka inayoanza chini, na akaonyesha alama ya matope akasema haya ni maji ya mwaka huu. Bwana Kaberia alitoa miwani akaifuta. Sokoni hakuna aliyetaja kuchanga, kwa sababu hakuna aliyeonyeshwa maskini. Kama nimekukosea kwa kukutaja mbele ya watu, nisamehe, lakini ungemwona ungejisikia mrefu.

Walipofika kwenye maswali, mtoto wa kina Kirimi aliuliza, "Sasa inahamishwaje?" Hoda akasema hajui, hajawahi kuona. Gaceri akanitazama. Mimi, unanijua, nilikuwa na mdomo wazi tayari kuahidi. Nikaufunga. Nikasema nitamwuliza mwenye nyumba.

Basi nakuuliza. Gaceri ana watoto thelathini na wanne wenye mikono, na basi la shule. Hawaji kukusaidia, na hawaji kukuangalia. Wanaomba uwafundishe kuhamisha nyumba, siku unayohamia kweli. Ukisema hapana, nitawaambia umesema hapana, na mambo yataishia hapo.

Safiyo


Korbesa, 7 Oktoba 2024

Safiyo, salaam. Barua yako nimeisoma nimekaa mlangoni.

Waje. Lakini wanisikie. Asiingie mtu na neno pole. Sitaki mtoto anayesimama pembeni akiandika wakati wenzake wanabeba, wataandika wakirudi. Kazi hii kwetu ni ya wanawake, lakini wavulana watabeba pia, na wakinung'unika nitawapa mikeka ya kilele ambayo ni mizito. Miti haiburuzwi chini. Kila mtoto atabeba mti mmoja begani na kukumbuka jina la mti wa jirani yake, maana ndivyo tunavyoirudisha katika mpangilio. Mwalimu Gaceri atabeba pia. Na Lomuria aje. Nyumba za Waturkana wake na zetu zina uhusiano zaidi ya anavyofikiri, na ninataka aniambie mwenyewe kama yangu ni ya kuku.

Wewe utafunga kamba ninakokuambia. Hutaeleza kitu. Siku hiyo mimi ndiye mwalimu.

Nina mbuzi dume mmoja, nitamchinja. Maji ya kunywa mje nayo, ya kisima changu yana chumvi na watoto wa mjini wataharisha.

Mwambie Hoda atalala kwangu, ndani, usiku wa kwanza mahali papya. Yeye peke yake. Nina mambo ya Ayeeyo ya kumwambia ambayo wewe hukukaa kimya ukayasikia.

Nichagulie siku, lakini isipite mwisho wa wiki ya tatu. Mawingu yameanza kukaa upande wa mlimani.

Barwaqo


Isiolo, 11 Oktoba 2024

Abaayo, nimekubali yote, hata lile la kunyamaza, na baba Hoda amecheka mpaka goti likapona. Wacha nijisifu hapa kwenye karatasi, maana huko nimekatazwa. Hakuna shule nyingine hapa Isiolo yenye mwalimu kama huyu wetu mpya anayeitwa Barwaqo, na ni dada yangu, na nimemwambia kila mtu aliyenunua maziwa wiki hii. Sikusema pole hata mara moja. Nimesema dada yangu anahama, na amekubali shule ije kujifunza kwake. Wakashangaa. Nikasema ndiyo, wao ndio wanaojifunza.

Hoda amefunga mkoba wake tayari, wiki nzima kabla. Ameweka shuka moja na daftari moja, halafu akalitoa daftari. Gaceri amenunua glavu akazirudisha dukani mwenyewe, akasema mikono ijue. Bwana Kaberia anakuja, na tai yake, tutamwona akiitoa. Lomuria anakuja. Ameniambia nikuambie kwamba alikosea, lakini papo hapo akasema, hapana, usimwambie, wacha kwanza niione. Wanawake wangu wanne wa maziwa wanakuja, wale wenye mabega. Maji tunaleta mitungi ishirini. Ridwan anatangulia na lori. Hataki kukosa.

Shule imeandika kwa wazazi na wote wametia sahihi. Tunatoka hapa Ijumaa baada ya sala, watoto wanalala bweni la shule moja ya Merti, na Jumatatu ni sikukuu ya Mashujaa kwa hiyo hakuna anayekimbilia kurudi. Usifungue hata fundo moja kabla hatujafika. Mikeka ikae, kamba ikae, na kila mti ubaki mahali pake, wewe uwe ndani na chai imeshachemka. Tutabisha hodi kama wageni wa kweli, wote arobaini na tatu, Jumamosi, tarehe 19 Oktoba, saa moja na nusu asubuhi.